Kituo cha pamoja cha mpakani Namanga: kinavyofanya kazi, na mambo ya kumaliza ukiwa bado Dar

Kwa abiria mwenye pasipoti na begi la nguo, Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, ni kituo kinachostahili sifa. Kwa mama wa Kariakoo anayevuka na marobota, bado kuna pengo, na linatokana na taarifa ambazo zilipaswa kumfikia kabla hajatoka Dar. Tathmini hii inagusa yote mawili, ila tutakaa zaidi kwenye la pili kwa sababu ndiko watu wanakopoteza fedha.

Zamani ukienda Nairobi kwa basi ulishuka mara mbili: upande wa Tanzania kugongewa muhuri wa kutoka, kisha upande wa Kenya kugongewa wa kuingia. Mizigo nayo ilishushwa na kupandishwa mara mbili. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018 na Marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta, unashuka mara moja tu. Ukielekea Kenya, unahudumiwa kwenye jengo la upande wa Kenya. Ukirudi, unahudumiwa kwenye jengo la upande wa Tanzania. Kila jengo lina maofisa wa nchi zote mbili, na ofisa wa Tanzania anaweza kukugongea muhuri akiwa kwenye ardhi ya Kenya kwa nguvu ya Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mipakani ya Afrika Mashariki.

Utaratibu ni mwepesi mradi ufuate mpangilio wake: nchi unayotoka inamaliza kazi yake kwanza, ndipo nchi unayoingia inaanza. Hapo ndipo abiria wengi wanapoteleza. Madirisha yako kwenye ukumbi mmoja, foleni ya Kenya ikiwa fupi mtu anaikimbilia, anagongewa kuingia, anarudi kwenye basi bila muhuri wa kutoka Tanzania. Siku hiyo pengine hakuna atakayemuuliza. Ataulizwa siku ya kurudi, pasipoti itakapoonyesha kwamba hakuwahi kutoka. Kabla hujaondoka ukumbini fungua kitabu chako na uhakikishe kuna mihuri miwili, na tarehe zake zinasomeka. Kama kuna wino uliofifia, omba ugongewe upya hapohapo.

Raia wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) hupewa pasi ya mgeni bila malipo, na kanuni za Soko la Pamoja zinaruhusu hadi miezi 6. Angalia siku ulizoandikiwa, kwa sababu ofisa huandika kulingana na maelezo yako ya safari. Ukisema unakwenda harusini wiki moja, usishangae kupewa muda mfupi. Jambo jingine: Kenya ilipoanzisha kibali cha kielektroniki cha kuingia mwezi Januari 2024, Watanzania hawakuhusishwa. Anayekuuzia kibali hicho stendi Mbezi Luis, akidai bila hicho hutavuka, anakutapeli.

Sasa pasipoti. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haimo kwenye mpango huo, kwa hiyo kadi ya NIDA peke yake haikuvushi. Hili ni jambo ambalo serikali yetu ingelitazama upya, maana Mkenya wa kipato cha chini anakwenda Kampala na kadi iliyo mfukoni, wakati Mtanzania wa kipato hichohicho anatakiwa kwanza alipe shilingi 150,000 za pasipoti: 20,000 ya fomu na 130,000 ya kitabu. Maombi huanzia mtandaoni kwenye mfumo wa Uhamiaji, unapata namba ya malipo, unalipa, unachapisha fomu, kisha unakwenda na viambatisho kuchukuliwa alama za vidole. Wakazi wengi wa Dar wanaishia ofisi za Uhamiaji Kurasini. Kinachokwamisha zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, NIDA inasema vile, herufi moja tu imepishana, na faili linasimama. Linganisha nyaraka zote herufi kwa herufi kabla ya kulipia fomu. Mtoto naye anahitaji pasipoti yake mwenyewe. Kama safari ni ya ghafla, ipo hati ya dharura ya safari, ila soma vizuri muda wake wa matumizi.

Kadi ya homa ya manjano ni ya kubeba hata kama rafiki yako alipita bila kuulizwa. Chanjo moja inatosha maisha yote tangu Shirika la Afya Duniani lilipobadilisha kanuni mwaka 2016, kwa hiyo kadi ya zamani iliyoandikwa kuwa ilikwisha muda baada ya miaka 10 bado ni halali. Lakini cheti huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Anayechanjwa leo ili asafiri kesho amebeba kadi ambayo bado haijaanza kazi.

Tuje kwenye mizigo.

Upo utaratibu uliowekwa mahsusi kwa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapita kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani karatasi inayothibitisha bidhaa ilizalishwa nchi gani. Cheti kinajazwa mpakani kwa afisa wa forodha. Unaandika jina lako, aina ya bidhaa, kiasi, thamani na nchi zilikotoka, unasaini, afisa anathibitisha kwa saini na muhuri. Kikishakubaliwa, ushuru wa forodha haulipwi. Kwa mtu anayepeleka mchele wa Mbeya au sabuni ya kiwanda cha hapahapa, faida yake ni kubwa, na inasikitisha kuona wengi hawakijui, wanakabidhi fedha kwa vishoka wanaojiita mawakala ili wapitishiwe mzigo ambao kisheria haudaiwi ushuru.

Yapo mambo matatu yanayowachanganya watu kuhusu cheti hiki.

La kwanza, kinaondoa ushuru wa forodha peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) inabaki pale inapohusika, na Kenya ni asilimia 16. Kwa hiyo ukidaiwa VAT usikimbilie kusema umeonewa. Omba hesabu iandikwe, mstari wa ushuru usomeke sifuri, mstari wa VAT usomeke kiasi chake.

La pili ndilo linaloumiza Kariakoo hasa. Kununua kitu Dar hakukifanyi kuwa cha Tanzania. Vitenge vilivyotoka China, viatu vya Uturuki, vifaa vya simu, vyote hivyo vimepita bandarini kama bidhaa za kigeni, na havipati cheti cha uasili hata kama duka liko Mtaa wa Kongo na risiti imeandikwa kwa Kiswahili. Vikifika Namanga vinaingia kwenye ushuru wa pamoja wa Jumuiya, ambao una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Nguo, samani na bidhaa za ngozi ni kati ya vitu vilivyowekwa kwenye ngazi hiyo ya juu. Piga hesabu ukiwa bado dukani: bei ya Kariakoo, ongeza ushuru, ongeza VAT, ongeza nauli ya mzigo. Mara nyingi hesabu ikifika hapo biashara imeshakufa, na ni heri ijulikane Kariakoo kuliko mpakani.

La tatu ni risiti. Kuna wauzaji wanaokupa bei mbili, ya risiti na ya bila risiti, na mtu anachagua ya chini. Mpakani thamani ya mzigo inathibitishwa kwa risiti, na bila risiti afisa analazimika kukadiria. Makadirio hayo yanaweza kukuvusha dola 2,000, ukatolewa kwenye utaratibu wa wadogo na kutakiwa uwe na wakala wa forodha na cheti kamili cha uasili. Risiti ya EFD inayoonyesha bidhaa moja moja, si jumla tu, ndiyo inayokulinda.

Mazao yana mlango wao. Mbegu, nafaka, matunda na viungo vinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na cheti hicho hutafutwa kabla ya safari. Mahindi yanahitaji uangalifu zaidi. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Malori yaliyokuwa njiani ndiyo yaliyobeba hasara. Funzo lake kwa mnunuzi wa Dar ni la ghalani: mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu ndani ya gunia, na mvua ya njiani inamalizia. Bidhaa za viwandani zenye alama ya ubora ya TBS zinatakiwa kutambuliwa Kenya bila kupimwa upya, kwa hiyo hakikisha alama ipo kwenye pakiti yenyewe, isiwe kwenye katoni la nje tu. Na usifungashe chochote kwenye mifuko ya rambo; Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, sisi mwaka 2019.

Kwa anayekwenda kufanya kazi, pasi ya mgeni haitoshi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa mwenye mkataba wa kazi haki ya kuingia, lakini mkataba unaozidi siku 90 unahitaji kibali cha kazi, na maombi yanatakiwa yawasilishwe ndani ya siku 15 za kazi. Hapa ushirikiano wa serikali unapwaya. Kila nchi imebaki na orodha yake ya kazi na ada zake, na amri ya Tanzania ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo ukarabati wa simu na uwakala wa fedha za mtandao, ilizua malalamiko Kenya mara moja. Kulinda ajira za wananchi ni haki ya kila serikali. Lakini mlango mmoja ukifungwa bila mazungumzo, jirani naye hutafuta wake wa kufunga, na mshona viatu wa Kitanzania aliyeko Nairobi ndiye atakayeusikia.

Mipaka mingine kwa kifupi. Horohoro, kama kilomita 65 kutoka Tanga, ndiyo njia ya Mombasa na kwa anayetoka Dar haina sababu ya kuzungukia Arusha. Holili inafaa kwa wa Moshi wanaokwenda Taveta na Voi. Mutukula ni ya Uganda, Rusumo ya Rwanda. Tunduma ni habari nyingine: Zambia haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo cheti kile cha wadogo hakifanyi kazi huko, na mzigo unahitaji cheti cha uasili cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Wapo wanaofika Tunduma na fomu ya Namanga mkononi. Mwenye gari lake akumbuke Kadi ya Njano, bima ya gari ya kuvukia mpaka ya COMESA (umoja wa kibiashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ikatwe Dar, kwenye kampuni inayokukatia bima yako ya kawaida.

Mzigo ukishikiliwa, usiondoke mikono mitupu. Omba karatasi inayoonyesha sababu, kifungu cha sheria na jina la ofisi, na usitoe fedha isiyo na namba ya malipo wala risiti. Ukiona sababu haina mashiko, EAC, COMESA na SADC zina mfumo wa pamoja wa mtandaoni wa kupokea malalamiko ya vikwazo vya biashara, na lalamiko hupelekwa kwa serikali husika. Andika tarehe, mpaka, aina ya bidhaa, kiasi, ulichoambiwa na gharama uliyopata, kisha ambatisha picha ya ile karatasi na ya cheti cha uasili.