TAHADHARI mafundi wa Moshi na Arusha: jamaa wa mashine za kupasulia mbao na mchezo wake wa jero

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia pale maneno yatakapopitiliza. Kuna jamaa Arusha ana godauni la mashine za useremala, anazitangaza kwenye simu kama mtumba wa Ujerumani. Huyu ni tapeli. Si dalali mkorofi, si mfanyabiashara anayebana faida, ni TAPELI, na anakutapeli mchana kweupe, mashine ikiwa inawaka mbele ya macho yako.

Shemeji aliumia mkono kwenye ile meza yetu ya msumeno ya kuungaunga, kwa hiyo nilikuwa sitaki tena kusikia habari yake. Na Mama Mchungaji ameniagiza makabati, hela ya kuanzia nilishaipokea. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia nilikimbilia cha bei rahisi. Nilikwenda kutafuta mashine ya maana, na hela mfukoni ya maana.

Aliyenielekeza ni mtu wa kanisani kwetu, sitamtaja, naye kwa sasa hapokei simu. Nikafika, nikamkuta jamaa kavaa koti la bluu la karakana, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakukimbilia kuniuzia. Akaanza kunihoji yeye.

"Mangi, nyumbani una fezi ngapi?"

Moja.

"Basi zile za ukutani usiziangalie hata kidogo, hizo ni za fezi tatu. Unapasua mbao gani?"

Nikamwambia paina na saiprasi za West Kilimanjaro ndiyo kazi ya kila siku, mninga mara mojamoja mteja akiwa na uwezo. Akatikisa kichwa. Akasema mninga wa inchi mbili unataka mota isiyopungua hosipawa 3, ambazo ni kama kilowati 2.2, na kwamba soketi ya ampea 13 kwa umeme wetu wa volti 230 mwisho wake ni karibu kilowati 3, kwa hiyo nisiichomeke kwenye soketi ya sebuleni, fundi anivutie laini yake peke yake kutoka kwenye meini. Jamani, hayo yote ni kweli! Nimemuuliza fundi umeme ninayemwamini, kasema hivyohivyo. Ndiyo maana naumia. Mtu anayesema uongo mtupu unamshtukia mapema, huyu anakulisha ukweli mpaka unashiba, halafu anaweka tone moja la sumu.

Kulikuwa na kamashine kadogo pembeni, ka laki nne na nusu. Nikakashika. Akanitoa mkono. "Hako sikuuzii mangi, utakuja kunilaani. Mota ya brashi za kaboni kama ya drili ya mkono, kelele tupu, kakikutana na mninga kanalia." Sasa niambieni nyie mnaojifanya wajanja: muuzaji anakukataza kununua bidhaa yake mwenyewe, utamshuku kwa lipi?

Ndipo akanipeleka kwenye lile dubwana, msumeno wa meza. Meza pana ya kijivu, kabati la chuma chini, kibati cha mota kinang'aa: hosipawa 3, mizunguko 2850. "Sukuma." Nikasukuma. Halikutikisika. "Chuma cha kalibu hicho, kilo mia mbili na ushee. Mashine nyepesi inacheza, ikicheza mbao inakwenda upande."

Hilo nalo ni kweli.

Akawasha. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya ukuta, alisema umeme umekatika tangu asubuhi, tukawa tunaongea kwa kupiga kelele. Akaniuliza, "Una jero ya sarafu?" Nikatoa mfukoni mwangu. Rudieni kusoma hapo: mfukoni MWANGU. Akaifuta kwenye koti, akaipangusa meza kwa kiganja, akaisimamisha kwa ukingo wake, nyati ananitazama mimi, karibu kabisa na bledi inayozunguka. Akaachia vidole, akarudi nyuma, akakunja mikono. Sarafu imesimama. Haikuyumba. Mpaka vijana wake wakapiga makofi. Mafundi wa nje hutumia kweli jaribio hili la sarafu kupima mtetemo, hata mimi nilishawahi kuliona, kwa hiyo nilipoliona pale moyo ulitulia kabisa.

Akapitisha ubao wa saiprasi wa inchi moja, wa kwake, mkavu. Ukapita vizuri sana, mkato laini.

Halafu akanimaliza. Akatoa simu akanionyesha video ya mashine ya Marekani, mtu anasogeza soseji kwenye bledi, inasimama papo hapo, soseji ina mkwaruzo tu. "Teknolojia hiyo imo humu. Ukigusa kidole, inazima." Nikamuona Shemeji na mkono wake. Nikalipa. Aliitaja 3,200,000, tukaangukia 2,850,000, na nusu yake ni hela ya kikoba cha Mama Ebeneza, ambaye mpaka leo tunasalimiana tu kwa adabu.

Kirikuu ikateremka na mzigo mpaka Moshi, majirani wakatoka kuangalia, mnajua watu wa mtaani kwetu. Tulibeba wanaume wanne.

Saiprasi ilipita. Mninga ulipoingia, mashine ikapiga ukelele wa kifaa cha kusagia juisi, mota ikaanza kunuka, bledi ikapunguza mwendo, na kabla sijafika kwenye swichi ubao ukarudi. Ulipita ubavuni mwangu ukapiga geti la bati, tundu lipo, njooni mwone. Mtu asinidanganye kwamba huo ni wizi wa kawaida. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 5000 kwa dakika, ncha ya jino inakimbia zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Aliyeniuzia alijua naipeleka nyumbani kwenye watoto.

Nikamwita fundi wa kusuka mota kutoka Njoro, tukaifungua. Sikilizeni sasa.

Ndani ya kabati kulikuwa na mifuko ya mchanga, imefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Huo ndio uzito wa chuma cha kalibu! Nimelipa milioni kununua mchanga, labda wa Mto Themi, sijui. Meza yenyewe ni aluminiamu iliyopakwa rangi. Kibati cha mota kilibanduka kwa kucha, na chini yake kuna kingine: wati 1500, mizunguko 5000. Mota ya kaboni. Ni kale kamashine kadogo alikonikataza, kamevalishwa kabati! Jenereta lilikuwa la kufunika kelele zake.

Na chini ya meza, karibu na tundu la bledi, kuna sumaku ya spika, ile ya duara yenye tundu katikati, imegandishwa kwa gundi ya mirija miwili na kupakwa rangi ileile ya kijivu. Nilipoweka jero juu ya sehemu hiyo ikasimama wima yenyewe, unaisukuma inarudi. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Meza ingekuwa ya chuma kweli, mchezo huo ungemgomea. Unaweza kwa sababu meza ni aluminiamu.

Nimempigia. "Mangi, hiyo mtakuwa mmeidondosha njiani." Nikamwambia mchanga nao tuliudondosha ndani? Akakata. Sasa simu yangu haiingii kwake.

Mtu huyu anatakiwa akamatwe leo, si kesho. Afungiwe godauni, mashine zote zilizomo zifunguliwe hadharani, wenye hela zao warudishiwe, na ndipo naye asimamishwe mbele ya ule msumeno wake apasue mninga tukiwa tunamwangalia. Halafu jela. Fundi anayemdanganya fundi mwenzake kwenye kitu kinachokata vidole hana tofauti na anayeuza dawa feki. Mungu anamuona, lakini na polisi wamuone.

Mmeniuliza kwa simu dalili ni zipi. Nendeni na sumaku ndogo mfukoni, ikikataa kushika meza anayoiita ya chuma ondokeni. Nendeni na mbao yenu, ile ngumu mnayoifanyia kazi, msikubali kipande chake. Jenereta lizimwe au lisogezwe mbali, sikilizeni mota: ya kaboni inapiga yowe, ile isiyo na kaboni inavuma tu. Fungueni mlango wa kabati, na akisema ufunguo umepotea basi mmeshapata jibu. Pimeni kwa futi kutoka kwenye bledi hadi fensi, ule ukingo wa kuongozea mbao, mbele na nyuma, yangu ilikuwa imebana milimita nne kwa nyuma, ndiyo iliyorudisha ubao, na kile kisu cha kutenganisha mbao nyuma ya bledi hakikuwepo kabisa. Hiyo breki ya soseji ipo kweli duniani, SawStop ya Marekani wanauza mashine zenye breki hiyo tangu 2004 na inasimamisha bledi ndani ya milisekunde 5, lakini ina katriji yake chini ya meza, nyuma ya bledi, unaiona kwa macho, na ikishafyatuka mara moja unanunua nyingine pamoja na bledi. Aliyenayo atakuonyesha katriji. Risiti aliniandikia kwa mkono, eti mashine ya EFD imekwenda matengenezo, na jina lililotokea kwenye simu nilipotuma hela lilikuwa la mwanamke, akasema ni mke wake. Mengine nitaongeza nikikumbuka, kichwa kinaniuma.

Namba yake nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli. Jina na picha ya godauni siweki hapa kwa sababu nimeambiwa anaweza kunigeuzia kesi, lakini kwenye kituo nilikokwenda nimeandika kila kitu, na mifuko ya mchanga nimeipeleka pamoja na kile kibati cha uongo. Askari aliyenipokea ameniambia nikiwa peke yangu watasema ni mgogoro wa biashara, twende tukadaiane. Kwa hiyo wewe uliyenunua kwake tangu mwaka jana na unaona aibu kusema, nitumie ujumbe. Najua mpo, kijana wake mmoja aliropoka kwamba lile dubwana ni "la nne mwezi huu". Fungueni makabati yenu kwanza, pigeni picha kabla hamjagusa kitu, halafu tupange siku tukaandike maelezo pamoja.