Kabla ya kununua mashine ya kupulizia ya trekta, inama uangalie kitako cha tangi

Malalamiko yanayonifikia kuhusu mashine za kupulizia zinazofungwa nyuma ya trekta yanafanana mno. Mtu amepiga dawa ya magugu kando ya uzio. Wiki inayofuata anaweka mbolea ya maji kwenye tangi lilelile apulizie ukoka wa mbele ya nyumba. Siku chache baadaye ukoka umekuwa njano. Anarudi dukani, na muuzaji anamwambia kwamba mbolea ilikuwa kali.

Huwa nawauliza swali moja tu: unjano uko wapi? Karibu wote hujibu kwamba uko pale walipoanzia, una upana wa mikono ya mashine (mabomba yaliyotandazwa kando kupulizia), na unafifia kadiri trekta lilivyosonga. Mbolea kali ingeunguza ukoka wote. Hiyo ni glaifoseti, ile dawa ya magugu, iliyolala kwenye mabomba tangu kazi ya uzio, ikatoka ya kwanza valvu ilipofunguliwa. Na ililala humo kwa sababu mashine yenyewe haimalizi kutoa maji.

Ndiyo maana sitakuchosha na habari za lita ngapi na upana gani. Hayo utayapanga kwa ukubwa wa kiwanja chako. Kumbuka tu kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 200 likijaa, ukijumlisha fremu na mikono, trekta dogo linabeba zaidi ya kilo 200 nyuma ya ekseli yake, na bila uzito wa mbele usukani unakuwa mwepesi kwenye mteremko. Soma uwezo wa kunyanyua kwenye kitabu cha trekta, na uangalie umepimwa wapi: kwenye ncha za mikono ya haidroli ya trekta inayonyanyua mzigo, au sentimita 61 nyuma yake. Namba ya pili ndiyo ndogo, na ndiyo iliyo karibu na hali halisi, kwa kuwa tangi halikai kwenye ncha.

Sasa kitako. Matangi mengi ya bei ya chini yana sakafu bapa, na tundu la kutolea maji limetobolewa ubavuni, vidole viwili juu ya sakafu. Kila kilicho chini ya tundu hilo hakitoki mpaka ulipindue tangi. Tangi zuri lina sakafu iliyoinama kuelekea kishimo kimoja, na tundu liko chini kabisa ya kishimo hicho. Usimwamini mtu kwa maneno. Omba mashine iwekwe mahali tambarare, mimina lita 5 za maji, fungua tundu, kinga kwa ndoo, kisha pima. Zikitoka 4 na ushee, hizo zilizobaki ndizo zitakazokula waridi zako. Muuzaji atakasirika kwamba unamlowanishia duka. Mwache akasirike.

Ukishatoka kwenye tangi, nenda kwenye ncha za mikono ya kupulizia. Bomba la nozeli, yaani vile vipulizio, halikomi kwenye nozeli ya mwisho; linaendelea kidogo mbele yake, na kipande hicho hakisukumwi na maji yoyote. Dawa ya unga hujazana humo ikawa tope. Tafuta kifuniko cha kufungua kwa mkono kwenye kila ncha. Kama mwisho umezibwa kwa gundi, tafuta mashine nyingine.

Tatizo hili halihusu glaifoseti peke yake. 2,4-D, ambayo wengi huipiga kwenye ukoka kwa sababu inaua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi, ina sifa mbaya ya kung'ang'ania kwenye mipira na plastiki, na nyanya na mizabibu hudhurika hata kwa kiasi chake kidogo sana. Kama una nafasi, kuwa na mashine ya pili kwa kazi za mimea unayoipenda. Kama huna, osha mara tatu kwa maji kidogo, usioshe mara moja kwa maji mengi. Hesabu yake ni rahisi. Zikibaki lita 2, ukaongeza 18 na kumwaga hadi zibaki 2 tena, dawa imepungua mara 10. Ukirudia hadi mara tatu imepungua mara 1,000, na umetumia lita 54. Lita hizohizo 54 ukizimimina kwa mkupuo mmoja, dawa inapungua mara 28 tu. Kila mzunguko pitisha maji hadi yatoke kwenye nozeli zote, na uyapulizie pale palepale palipopigwa dawa, kwa kiwango kinachoruhusiwa kwenye lebo. Yasiende mtaroni.

Kwa kipimo hicho cha kumwaga maji yote, naweka Hardi ya kwanza, na sijifichi kwamba naipendelea. Ni kampuni ya Denmark iliyoanzishwa mwaka 1957 na Hartvig Jensen. Kwenye matangi yake mengi kuna kamba ubavuni. Unaivuta, valvu ya kitako inafunguka; ukitaka ibaki wazi unaiegesha kamba kwenye ufa wenye umbo la V; ukiiachia, springi inaifunga. Hulali chini ya mashine, na dawa haikumwagikii mikononi. Pampu yake ya dayaframu, yaani yenye utando unaosukuma maji, wanaitengeneza wenyewe, na dawa haigusi vyuma vinavyozunguka ndani, kwa hiyo unga na mchanga kidogo haviiui haraka. Ni ghali. Vipuri vyake navyo ni ghali, na hapo sina la kuitetea.

Ya pili ni Jacto ya Brazili, iliyoanzishwa na Shunji Nishimura huko Pompeia mwaka 1948. Ni imara, na haina madoido. Lakini mashine zake za kufunga kwenye trekta zimelenga zaidi shamba. Condor yake ya lita 600 kwa trekta la kukatia nyasi ni mzigo usiobebeka. Kama trekta lako ni kubwa na kiwanja ni kipana, ichukue bila kusita.

Ya tatu ni zile zenye pampu ya umeme ya volti 12, kama za Fimco ya Marekani. Zinafaa trekta dogo lisilo na PTO, ile shafti ya trekta inayozungusha pampu ya mashine. Udhaifu wake ni kwamba nozeli zikishakunywa sehemu kubwa ya maji ya pampu, hayabaki ya kurudi tangini kukoroga, na dawa ya unga inatuama. Kwa dawa za maji tupu, na kwa mikono mifupi, sina tatizo nazo.

Zile zisizo na jina zenye pampu ya rola? Rola zinalika kwa dawa ya unga, na pampu ikizunguka bila maji imekwisha. Tuendelee.

Kuna jambo la wauzaji ambalo limenikera kwa muda mrefu. Niliwahi kuletewa mashine mpya ambayo mkono mmoja ulikuwa na nozeli za njano na bluu zimechanganywa, na aliyeniuzia akasema rangi ni urembo tu. Rangi ni kipimo cha kimataifa. Njano hutoa lita 0.8 kwa dakika kwenye presha ya bar 3, bluu hutoa 1.2. Zikipangwa kila sentimita 50 na trekta likienda kilomita 6 kwa saa, ya kwanza inatoa lita 160 kwa hekta, ya pili 240. Ukichanganya, kila mstari wa ukoka unapata dozi yake. Kisha wanakushauri uongeze presha ili "zilingane". Kuongeza maji mara mbili kunataka presha mara nne, na unachopata ni ukungu unaopeperuka hadi kwa jirani.

Na kava ya shafti ya PTO. Shafti inazunguka mara 540 kwa dakika, na ikinasa upindo wa koti hupati muda wa kufikia swichi. Kava hiyo ya plastiki ni sehemu ya mashine, lakini kuna maduka yanayoiandika kwenye risiti kama nyongeza, tena kwa bei ya kuchekesha. Mimi silipi hata senti mpaka niione imevaa shafti yote, na minyororo yake miwili ya kuizuia isizunguke ikiwa mahali pake.