Wakili wa kupitia mkataba wako wa ajira kabla ya kuhama kazi: nyota nne
Huduma hii ina thamani pale tu wakili anaposoma mkataba mzima. Aliye makini huanza na kizuizi cha ushindani, yaani kifungu kinachokukataza kufanya kazi kwa washindani wa mwajiri wako ukishaondoka: hupima muda, eneo na kazi hasa inayokatazwa. Kifungu kinachofunga sekta nzima bila mpaka ndicho rahisi kupingwa. Kisha hutafuta kinachorukwa na wengi: marufuku ya kuwachukua wateja na wafanyakazi wenzako, ambayo huweza kusimama hata kizuizi cha ushindani kikianguka. Anayesema “vifungu hivi havina nguvu” bila kuuliza mkataba unafuata sheria ya wapi, achana naye. Peleka viambatisho vyote ulivyosaini pamoja na ofa mpya, tena kabla ya barua ya kuacha kazi. Nyota moja inapotea kwenye malipo ya saa, yanapanda upesi. Omba bei moja ya kazi nzima.