Kermit mbili mezani: 4 moja inayobeba mamilioni

Haya wadau, karibuni. Mezani leo zipo saa mbili, zote Rolex Submariner 16610LV, ile ya pete ya kijani inayozunguka kioo, ambayo wakusanyaji wameipachika jina la Kermit, yule kikaragosi wa chura. Ukiziangalia kutoka kwenye kochi utaapa ni pacha. Bodi ya milimita 40, mashine ya ndani namba 3135, uso mweusi, pete ya kijani. Ila moja inauzwa ghali kuliko mwenzake kwa mamilioni ya shilingi, na chanzo ni tarakimu moja tu. Ngoja nisogeze kamera.

Tazama kwenye pete, pale penye 40. Hii ya kushoto, kichwa cha 4 kimekatwa bapa, kama kimepitishwa tupa. Hii ya kulia, 4 imechongoka, ncha kali. Basi, ndiyo hiyo. Kermit ilitoka mwaka 2003, Submariner ilipotimiza miaka 50 tangu 1953, ikaendelea mpaka 2010. Zenye 4 bapa ni za mwanzo tu, ambazo namba ya saa, yaani ile tunayoweza kuifananisha na chesisi namba ya gari, inaanza na herufi Y au F.

Utasikia pia kwamba pete za mwanzo zina kijani kinachoelekea manjano. Ni kweli zipo za hivyo, lakini usinunue saa kwa rangi. Hii pete ni alumini iliyotiwa rangi, siyo seramiki kama ya Submariner ya kijani iliyokuja 2010. Mtu akiivaa kwenye jua miaka na miaka, inapauka. Pete ya juzi iliyopauka na pete ya mwanzo, kwenye picha ya WhatsApp, hutazitofautisha hata ukodoe macho. Umbo la 4 halipauki.

Sasa hapa ndipo watu wanapopigwa. Pete ya alumini haina skrubu. Imeshindiliwa tu ikabana. Fundi anaingiza wembe kati ya bezeli, yaani ule mduara wa chuma unaoshika pete, na bodi, bezeli inachomoka, anaisukuma pete kutoka ndani, inaachia. Kwa hiyo mwenye Kermit ya 2008 akipata pete ya 4 bapa peke yake, anaishindilia, na saa imerudi 2003. Ile 4 peke yake haithibitishi kitu. Lazima viungo vingine vya saa viwe na umri uleule.

Anza na ukingo wa ndani, huu mduara wa chuma kati ya kioo na uso. Kwenye saa za Y na F ni mtupu, unang'aa tu. Miaka ya mwisho, kuanzia karibu 2007, ukingo huu una neno ROLEX limechongwa likijirudia kuzunguka, na namba ya saa imewekwa hapo chini. Ukikuta 4 bapa juu na maandishi haya ndani, pete hiyo imehamia. Muuzaji atakwambia "hii ilikuwa ya mpito, bosi". Mpito kutoka 2003 mpaka 2007? Mrudishie saa yake.

Kama ukingo ni mtupu, namba unaitafuta kwenye bodi, katikati ya masikio ya chini, yaani zile ncha za bodi zinazoshika mkanda, pale akrabu fupi inaposimama kwetu saa kumi na mbili. Nalisema wazi kwa sababu vitabu vya Wazungu vitakuandikia 6, na mtu akiifuata kwa Kiswahili ataenda kukodolea upande wa juu, ambako utakuta namba ya modeli. Mkanda lazima utoke. Masikio ya Kermit hayana matundu ya nje, kwa hiyo vipini vya springi vinabinywa kwa nyuma kwa kifaa chenye uma mwembamba. Bandika selotepu kwenye masikio kwanza. Kipande cha mwisho cha mkanda ni chuma kizima, kimebana sana, uma ukiteleza unaacha mkwaruzo ambao mnunuzi mwingine atauona. Ukisoma namba, ipige taa ya simu kwa ubavu: mchongo halisi ni wa kina, kuta zake zinameta. Ukiona herufi kama vitone vya mchanga vilivyoliwa na asidi, weka chini.

Uso wenyewe hauna mambo mengi. Kermit ina vidoti vikubwa na akrabu nene kuliko Submariner 16610 ya pete nyeusi. Vidoti vikiwa vidogo, hiyo ni ya pete nyeusi iliyovalishwa kijani, na zipo nyingi tu.

Nazima taa. Ile tochi ya kukagulia noti bandia, inayouzwa Kariakoo, inatosha. Imulike saa sekunde kumi, zima. Vidoti vya uso na kile kitone cha kwenye pembetatu ya pete vyote vinatakiwa kuwaka kijani na kufifia polepole. Kitone kisipowaka, au kikizima ghafla, kimebadilishwa au pete imetoka kwenye saa nyingine.

Washa taa tena. Inamisha saa uangalie mwanga unavyotembea juu ya pete. Alumini nyembamba ikitolewa vibaya inapinda, na ukiirudisha mwanga unajikunja sehemu moja kama bati lililokanyagwa. Halafu chungulia chini ya meno ya bezeli, kwenye bega la bodi: alama ya wembe hukaa hapo. Siyo lazima iwe wizi, saa ikifanyiwa huduma bezeli hutolewa, ila ukikuta alama, uliza.

Karatasi za saa za mwanzo ni cheti cha karatasi chenye namba iliyotobolewa vitundu. Kadi ya plastiki ilikuja baadaye.

Masikio nayo: juu yana mistari ya msasa, ubavuni yanang'aa kama kioo, na mpaka kati yao unatakiwa uwe mkali. Hii ya kushoto, yenye 4 bapa, mpaka umelainika kama sabuni iliyotumika. Imepigwa polishi, si mara moja. Kwa maoni yangu bei yake haistahili tena, hata kama pete na namba vinakubaliana. Pete unaweza kuitafuta. Chuma kilicholiwa hakirudi.

Kama unataka ya kuvaa ofisini Posta na Jumapili Coco Beach, chukua ya kulia. Mashine ileile, kioo kilekile, na salio linabaki mfukoni. Imeandikwa mita 300 za kina cha maji, lakini hiyo ni ilipokuwa mpya. Mpira wa ndani unaozuia maji huchoka. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kupima presha kabla hujaingia nayo baharini, na kile kifundo cha pembeni kikaze mpaka mwisho.