PARI/GP kwa namba tasa kubwa: inafaa, ila ujue inavyokwama

Kwa mwanafunzi wa hesabu hapa Lubumbashi, Excel si chombo cha kupimia namba tasa kubwa. Hutunza tarakimu 15 tu: 2^61−1, yaani 2305843009213693951, inageuka 2305843009213690000, namba ambayo hata mtoto anaona inagawanyika kwa 10. PARI/GP, programu ya bure iliyoanzia Bordeaux, Ufaransa, haipotezi tarakimu hata moja. Kwenye Ubuntu andika sudo apt install pari-gp. Faili ya Windows mnaweza kupeana kwa flashi. Ikishakaa kwenye kompyuta haidai mega tena.

Andika isprime(2^127-1), itajibu 1, maana yake ni tasa. factor(2^67-1) inatoa papo hapo 193707721 na 761838257287, vigawo ambavyo mwanahisabati Mmarekani Frank Nelson Cole alivionyesha mwaka 1903, zamani za kukokotoa kwa mkono.

Uzuri wake hasa uko kwenye namba za Mersenne, yaani zenye umbo la 2^p−1. Kwa 2^4423−1, yenye tarakimu 1332, isprime itakuchosha kungoja. Tumia kipimo cha Lucas na Lehmer, ambapo Mod hubakiza tu salio la kugawanya kwa namba unayoipima:

s=Mod(4,2^4423-1); for(i=1,4421,s=s^2-2); s==0

Jibu 1 linatoka haraka hata kwenye mashine kuukuu. Mizunguko ni kipeo toa 2, si zaidi. Ukizidisha mmoja, s inakuwa −2, unaofuata 2, na hapo haisogei tena. Mstari wa s==0 utajibu 0, yaani "hapana", nawe utaikataa namba tasa halali. Ukisahau Mod, tarakimu zinaongezeka karibu maradufu kila mzunguko mpaka mashine inalalamika "the PARI stack overflows". Kuongeza nafasi ya kumbukumbu kwa default(parisizemax,"1G") hakuokoi kosa hilo. Rudisha Mod.

Usiandike 1e20 badala ya 10^20: ya kwanza kwake ni namba ya desimali, na isprime inaikataa. Ujumbe wa makosa uko kwa Kiingereza, jambo linalowasumbua waliosoma kwa Kifaransa.

Kasoro ninayoiona nzito ni kwamba nextprime, amri ya kutafuta namba tasa inayofuata, haithibitishi. Kama ispseudoprime, amri ya kupima haraka bila uthibitisho, inatumia kipimo cha haraka kiitwacho BPSW, ambacho ni cha uhakika chini ya 2^64 tu. Juu ya hapo, nextprime(10^20) ikikupa 100000000000000000039, ipitishe kwenye isprime kabla ya kuiandika kwenye kazi yako.

Ile namba tasa kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024, 2^136279841−1, usiombe GP iithibitishe wala kuichapa yote. Omba idadi ya tarakimu, floor(136279841*log(2)/log(10))+1, upate 41024320. Mwisho wake unapatikana kwa Mod(2,100)^136279841-1: ni 51. Ukitaka tarakimu kumi za mwisho, weka 10^10 mahali pa 100.