Nanoflare 700 kwa mchezaji wa mbele: uzoefu wangu hapa Mtwara

Ukicheza mpira wa vinyoya (badminton) wa dabo, yaani wawili kwa wawili, na kazi yako ni kukaa mbele karibu na neti, usinunue raketi ya mpiga smashi, yale mapigo makali ya kushusha chini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloulizwa ukumbini hapa Shangani tangu nilipoanza kushika raketi ya Yonex Nanoflare 700: "Mama Salma, hiyo inapiga kweli?" Inapiga. Ila mimi niliitafuta ili mkono wangu uwahi. Nguvu nilizihesabu baadaye.

Nieleze kwanza ninavyocheza, maana bila hilo maoni ya raketi hayamsaidii mtu. Mimi ni mwanamke wa makamo, nafanya kazi bandarini, na mpira wa vinyoya ni wa jioni baada ya kazi. Karibu kila mechi yangu ni ya wawili wawili. Mwenzangu ni mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye bega la ajabu kwa umri wake, na yeye ndiye mwenye eneo la nyuma. Kinyoya, yaani ule mpira wetu wenye manyoya, kikipanda juu ni chake. Mimi nakaa hatua chache nyuma ya mstari wa sevu, raketi imeinuliwa mbele ya kifua, nakata mipira inayopita chinichini juu ya neti, naisukuma kwenye mapengo, na wapinzani wakirudi nyuma nawadondoshea mbele.

Uwanja wa dabo una upana wa mita 6.10. Neti ina mita 1.55 kwenye nguzo na inalegea kidogo hadi mita 1.524 katikati. Mtu wa mbele anaulinda upana wote huo kwa mkono mmoja, na mpira unaotoka kwenye raketi ya mpinzani unamfikia kabla hajamaliza kufikiri. Pale mbele huna nafasi ya kuvuta mkono nyuma. Unatumia kiganja na vidole tu. Kwa hiyo jambo la kwanza kuliuliza dukani ni hili: uzito wa raketi umekaa wapi? Rangi na jina la bingwa anayeitangaza vitasubiri.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya. Uzito wa jumla na mahali uzito ulipokaa ni mambo mawili. Raketi mbili zinaweza kuwa na gramu zilezile kwenye mizani, moja ikakuchosha mkono na nyingine usiisikie kabisa. Njia ya kupima ni rahisi: laza raketi juu ya kidole kimoja, kwenye shafti (ile fimbo kati ya mpini na kichwa), uisogeze mpaka itulie bila kuinama upande wowote. Kisha pima kutoka kitako cha mpini mpaka hapo kidole kilipo. Ikiwa ni milimita 285 hadi 295 hivi, imelingana. Ikizidi hapo, kichwa ni kizito. Ikipungua, kichwa ni chepesi. Vipimo hivyo ni vya raketi isiyo na nyuzi, na ukishafunga nyuzi kichwa kinaongezeka gramu chache. Ukiongeza gripu (utepe wa kuzungushia mpini) juu ya gripu, uzito unarudi mkononi. Kwa hiyo hata raketi uliyonayo sasa unaweza kuigeuza tabia kidogo kwa gripu tu, kabla hujatoa hela ya mpya.

Raketi ya kichwa kizito ni kama shoka: ukishaliinua, linajishukia lenyewe kwa nguvu. Mwalimu anatumia Yonex Astrox 88D na inamfaa hasa. Mfululizo huo wa 88 umetengenezwa kwa kufikiria dabo: D ni ya mtu wa nyuma anayeshambulia, S ni ya mtu wa mbele anayepanga mchezo. Nampenda mtengenezaji aliyekaa akawaza kwamba watu wawili wa timu moja hawafanyi kazi moja. Nilipoazima ya Mwalimu, smashi zangu za nyuma zilikuwa nzito kweli, nikafurahi. Nikarudi mbele, wakaanza kutusukumia mwilini mipira ya bapa, ile inayokuja imenyooka bila kupanda, nikaona kichwa cha raketi kinakuja nyuma ya wazo langu kila mara. Ni raketi nzuri iliyo mahali ambapo haikukusudiwa.

Nanoflare ni upande wa pili. Mfululizo wote huo ni wa vichwa vyepesi, na 700 ina shafti ya wastani, si ngumu sana wala si laini. Yangu ni ya kundi la 4U, yaani gramu 80 hadi 84, na mpini wa G5. Kwa Yonex namba ya G ikipanda mpini unazidi kuwa mwembamba, na mkono wangu ni mdogo, hivyo G5 pamoja na gripu moja nyembamba juu inanitosha. Mwenye kiganja kikubwa aangalie G4.

Tofauti niliiona kwenye ulinzi kabla ya kuiona kwenye mashambulizi. Smashi ikija mwilini, upande wa kulia wa kiuno, pale ambapo kila mtu anapata shida kuamua apige kwa mbele au kwa bekihendi (mgongo wa mkono), raketi inageuka haraka na kinyoya kinarudi. Mapigano ya bapa, yale ya tap-tap-tap katikati ya neti, sasa nayatafuta mwenyewe. Kijana mmoja wa chuoni aliyezoea kunimaliza kwa mipira ya haraka ya usoni amebadili mbinu, ananirushia mipira mirefu ili nirudi nyuma. Hiyo kwangu ni sifa kubwa kuliko yoyote niliyoambiwa kwa mdomo.

Na wale wanaosema kichwa chepesi hakina smashi, wakumbuke Aprili 2023. Satwiksairaj Rankireddy wa India alipiga smashi iliyopimwa kilomita 565 kwa saa huko Soka, Japan, ikaingia kwenye rekodi za Guinness. Raketi aliyoshika ni Nanoflare 1000 Z, ndugu wa hii yangu. Kasi inatoka kwenye mwili na mzunguko wa mkono. Raketi nyepesi kichwani inaukubali mkono wenye kasi. Ila ukweli mwingine usemwe: mtu asiye na mbinu hiyo, anayetegemea uzito wa kichwa umsaidie, atahisi smashi zake zimepungua akihamia huku. Mimi zangu zimepungua kidogo na sijali, kwa sababu wa kupiga smashi yupo nyuma yangu.

Sasa mazingira yetu, maana maoni mengi ya raketi yanaandikwa na watu wanaocheza kwenye kumbi zenye viyoyozi na vinyoya vya manyoya ya bata bukini. Sisi Mtwara tunachezea ukumbi wenye matundu ya hewa pande mbili, na kusi likivuma, kuanzia Aprili na kuendelea, upepo unapita katikati ya uwanja. Tunatumia zaidi vinyoya vya nailoni kwa sababu vinadumu. Joto nalo linafanya hewa kuwa nyepesi, kinyoya kinakwenda mbali zaidi, ndiyo maana nawaomba wenzangu wanunue vyenye ukanda wa kijani, vya mwendo wa taratibu, waviache vile vya ukanda mwekundu kwa nchi za baridi. Kinyoya cha manyoya halisi kinapunguza kasi ghafla na kudondoka wima. Cha nailoni kinaendelea kuja. Mtu wa mbele anabaki na muda mdogo zaidi, na hapo tena kichwa chepesi kinalipa. Upepo ukikisukuma kinyoya dakika ya mwisho, raketi nyepesi inakuruhusu kurekebisha.

Tukipata boksi la manyoya halisi, tunafaidika na unyevu wetu wa pwani. Manyoya huvunjika upesi hewa ikiwa kavu, hata kuna wanaoyafukiza kwa mvuke kabla ya mechi. Hapa bahari inatufanyia kazi hiyo bure.

Nyuzi ndizo zilizonipa kazi, na kwa maoni yangu ni nusu ya raketi. Vijana wanataka zikazwe kwa pauni 28 kwa sababu wameona mabingwa wanafunga hivyo. Nyuzi zikikazwa sana, eneo zuri la kupigia linakuwa dogo, na ukikosea kidogo tu mtikisiko wote unaingia kwenye kiwiko. Mimi nimefungiwa BG65, uzi wa milimita 0.70, kwa pauni 22. Uzi mnene hudumu, na kwa pauni hizo kinyoya kinaruka vizuri bila kulazimisha mkono. Kwa wachezaji wengi wa hapa ningesema 20 hadi 24 panatosha kabisa. Kikomo cha juu kimeandikwa kwenye raketi yenyewe, kwenye koni iliyo juu ya mpini, na kukivuka ni kuitafutia fremu ufa.

Mimi kazi ya kufungiwa nyuzi naipeleka Dar es Salaam kwa fundi mwenye mashine. Raketi inapanda basi alfajiri ikiwa imefungwa kati ya makadibodi mawili, hela naituma kwa simu, na inarudi kwa basi hilohilo. Kwa hiyo unaponunua raketi ukiwa Mtwara, Lindi au Masasi, iagize ikiwa imeshafungwa nyuzi kwa pauni unazozitaja wewe. Usiseme "yoyote". Bei siandiki hapa kwa sababu inapanda na kushuka na dola, lakini si ya raketi ya kuanzia, na kwetu wengi hela hupatikana vizuri zaidi baada ya minada ya korosho.

Angalieni bandia. Muuzaji mmoja alinitumia picha za raketi ya bei nafuu mno, nikamwomba picha ya namba zilizochongwa kwenye shafti na kwenye koni. Akaleta picha ya mfuko. Nikamwomba tena, akanyamaza. Niliyenunua kwake baadaye alinipigia simu ya video, akazigeuza namba mbele ya taa, akaniwekea raketi kwenye kidole nione inavyotulia. Huyo ndiye wa kumpa hela.

Kuna jambo moja kuhusu kampuni hii ambalo huwa nawasimulia wavuvi wa Mikindani wanaokuja kutuchungulia. Yonex ilianza mwaka 1946 huko Japan ikitengeneza maboya ya mbao ya nyavu za kuvulia samaki. Maboya ya plastiki yalipoingia, soko likafa, na mwaka 1957 wakageukia raketi za vinyoya. Mzee mmoja aliposikia akasema, "Basi hao ni ndugu zetu," akaomba aishike. Mpaka leo chini ya gripu ya raketi nyingi za vinyoya mpini ni wa mbao.

Mbao hizo ndizo za kuzilinda kwenye joto na chumvi yetu. Jasho likipenya gripu ya ndani, mbao inanyonya, inaanza kunuka na mwisho inalegea. Gripu ya juu nabadilisha ikianza tu kuteleza, na raketi haikai kwenye begi lililofungwa na nguo mbichi. Haikai pia kwenye gari lililoanikwa juani, kwa sababu joto hilo linalegeza nyuzi na linaidhuru fremu.

Nani aiache? Anayecheza singo (mmoja kwa mmoja) zaidi na anategemea kumaliza pointi kwa smashi za nyuma. Anayeanza kabisa naye asikimbilie hapa. Atafute ya grafiti ya bei ya chini, yenye shafti laini, ya 4U, ajifunze kwanza kupeleka kinyoya mpaka mstari wa nyuma. Salma wangu nimempa ya namna hiyo.

Na uzi mmoja ukikatika katikati ya mechi, usiendelee kucheza wala usiiweke hivyo mpaka mwisho wa wiki. Chukua mkasi, kata nyuzi zote zilizobaki, ukianzia katikati kwenda nje, za wima na za ulalo kwa zamu. Zikibaki zinavuta upande mmoja, fremu inapinda, na basi la Dar halitakusaidia tena.