Chupa ya mpira ya maji moto kwa goti lenye baridi yabisi: uzoefu wangu

Kwa goti linalokaza asubuhi, hasa mwezi wa Julai ambapo usiku wa Nairobi hushuka hadi karibu nyuzi 10, naiamini chupa ya mpira ya lita 2 kuliko unga na vidonge vingi vinavyotembezwa mjini. Haiponyi, gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) lililolika halirudishwi na joto. Kazi yake ni kulegeza misuli iliyojikaza kandokando ya kiungo na kutuliza maumivu kwa muda.

Ukiwa dukani, kabla hujalipa, tazama ua dogo lililochorwa kwenye mpira wenyewe, karibu na shingo. Namba ya katikati ni mwaka wa kutengenezwa, na petali 12 ni miezi. Mpira huzeeka hata ukikaa rafuni, na chupa ikifika miaka 2 ni ya kubadilishwa. Isiyo na ua hilo siinunui, hata bei ikiwa nzuri namna gani.

Usimimine maji yanayochemka peke yake. Hapa kwetu juu maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 94 tu, lakini bado yanababua ngozi na kuudhoofisha mpira. Tangulia na maji baridi mililita 400, kisha ongeza mililita 900 yaliyotoka jikoni. Hiyo ni karibu theluthi mbili ya chupa, na inatosha. Ilaze polepole mpaka maji yaonekane mdomoni, hewa itoke, ndipo ufunge. Hewa ikibaki, chupa hufura kama puto na haikai gotini.

Izungushie taulo, uiweke dakika 15 hadi 20. Usiilalie wala kuikalia, na usilale nayo usingizini. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiitumie, kwa sababu ataungua bila kujua.

Kosa ninaloliona sana ni kupaka dawa ya kuchua, ile ya mentholi au ya pilipili, halafu kuweka chupa juu yake. Joto huongeza ukali wa dawa na ngozi hutoka malengelenge. Mafuta nayo huula mpira. Chagua kimoja kwa wakati mmoja.

Ukishaitoa, usirudi kujilaza. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mbele, uukaze kwa sekunde 5, ushushe taratibu. Mara 10 kila mguu. Msuli wa mbele ya paja ndio unaolibebea goti mzigo, na wengi huuacha unyong'onyee kwa kuogopa maumivu. Kwangu mimi faida kubwa ya chupa iko hapa, maana goti lililopashwa joto hukubali mazoezi ambayo likiwa baridi linayakataa.

Goti likiwa limevimba na lenyewe linawaka moto, joto halifai. Weka barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 10 hadi 15. Likivimba ghafla pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda kuna usaha ndani ya kiungo.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Iliyobaki nimeikata kwa sababu ya kizibo: kipete chake cha mpira huchakaa mapema na maji huanza kuvuja. Kila ukijaza, ifinye kidogo juu ya sinki mdomo ukiwa chini. Baada ya kutumia, mwaga maji yote na uitundike kichwa chini, kizibo kikiwa nje, mbali na jua.